Mvua ya Kambu Huanzia Vilindini

Ifikapo Oktoba, mashamba ya Kambu huwa yamelimwa na yanangoja. Mji huu mdogo uko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni, kwenye nchi ya mibuyu, migunga na udongo mwekundu. Wengi hapa hutia mbegu kwenye udongo mkavu kabla ya tone la kwanza, kwa sababu mvua ya huku ni fupi na kila siku yake ni mali. Kila mwaka mkulima hukata shauri lile lile katika siku chache tu. Je, apande mahindi yanayotaka maji mengi, au abane matumizi na kutegemea mtama, ndengu na kunde? Mbuzi wauzwe sasa wakiwa na mwili, au wangoje nyasi? Akikosea, kosa lake hulala naye njaa hadi msimu mwingine. Kwa kawaida mkulima hutazama mawingu yanayotoka upande wa pwani akitafuta jibu. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya jibu hilo huwa tayari imekwisha kuwekwa miezi kadhaa nyuma, ndani ya Bahari ya Hindi, makumi ya mita chini ya mawimbi. Kwa hiyo kupima maji ya vilindini ni kazi inayomhusu mkulima wa nchi kavu sawasawa na mvuvi wa Malindi, na nchi yetu inapaswa kuigharamia kwa jicho hilo.

Mvua za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, ndizo tegemeo kuu la nyanda za chini za Makueni na Kitui. Masika ya Machi hadi Mei huja pia, lakini huku hayaaminiki, na mkulima mwenye busara haweki akiba yake yote hapo. Kumbukumbu za wazee zinathibitisha jinsi mvua inavyoamua maisha. Wakamba hawakuacha njaa zipite bila jina. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali isiache nyumba. Ile ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika mkononi, kwa sababu watu walikuwa na pesa lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Majina hayo ni daftari la hali ya hewa lililotunzwa vinywani mwa watu, na funzo lake ni kwamba ukame hurudi. Lakini hayawezi kutuambia utarudi lini. Kwa swali la lini, hatuna budi kufungua daftari jingine, ambalo limeandikwa kwa joto na chumvi, na ambalo kurasa zake ziko chini ya maji.

Ili kulisoma daftari hilo, anza na tangi la maji la plastiki lililokaa juani mchana kutwa. Maji ya juu huwa ya moto, lakini ukifungulia bomba la chini, hutoka maji ya baridi. Bahari ya Hindi karibu na ikweta iko hivyo hivyo. Juu kuna tabaka la maji ya uvuguvugu. Chini yake, katika umbali usio mkubwa, joto huporomoka ghafla. Wanasayansi hupaita mahali hapo thamoklaini. Sisi tuseme mpaka wa joto. Katika miaka ya kawaida, kusi ikipisha kaskazi na kaskazi ikipisha kusi, pepo za ikweta huvuma kuelekea mashariki na kuyasukuma maji ya moto hadi upande wa Indonesia. Mkondo huo wa mara mbili kwa mwaka ulielezwa mwaka 1973 na mtaalamu Klaus Wyrtki, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Matokeo yake ni kwamba tabaka la moto huwa nene kule Sumatra na jembamba huku kwetu, na mawingu makubwa hufuata joto huko huko. Lakini kuna miaka ambayo pepo hizo hudhoofika au hugeuka. Maji baridi huibuka pwani ya Sumatra na Java, maji ya moto hulimbikizana upande wa Afrika, mvuke hupanda, na vuli yetu hugeuka kuwa mafuriko. Hali hiyo huitwa daipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Ikiwa kinyume, yaani joto likazidi upande wa mashariki na upande wetu ukapoa, huitwa daipoli hasi, na Ukambani huona jua tupu. Muundo huu ulielezwa rasmi mwaka 1999 na Saji, Yamagata na wenzao katika jarida la Nature, ingawa athari zake zilikuwa zimewapiga watu wetu kwa vizazi.

Wengi wetu tumezoea kusema El Niño kila mvua inapozidi, kana kwamba kila gharika huletwa na joto la Bahari ya Pasifiki. Hebu tupange miaka kando kwa kando. Mwaka 1961 mvua za vuli zilifurika Afrika Mashariki nzima, na katika miaka michache iliyofuata kina cha Ziwa Viktoria kilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka huo haukuwa wa El Niño, ulikuwa wa daipoli chanya. Mwaka 1997 yote mawili yalikutana, na Wakenya bado wanakumbuka madaraja yaliyosombwa na safari za barabara ya Mombasa zilizokatizwa na maji. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa kuwahi kupimwa, serikali ikajiandaa kwa gharika, lakini daipoli haikuwa na nguvu kama ya 1997, na gharika ya namna ile haikuja. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño ya kutisha, lakini daipoli ilikuwa kali mno, na mvua ikanyesha kupita kiasi. Mwaka 2022, daipoli hasi iliungana na La Niña, iliyo kinyume cha El Niño, ya mwaka wa tatu mfululizo, na Pembe ya Afrika ikakosa mvua kwa msimu wa tano mfululizo. Kisha mwaka 2023 El Niño na daipoli chanya zikaja pamoja, na mafuriko yakaja nazo. Anayetazama Pasifiki peke yake angekosea mwaka 1961, angekosea 2015, na angekosea 2019. Bahari iliyo mlangoni petu ndiyo inayolazimu kusomwa kwanza.

Kwa nini isomwe kwa kina, na si juu tu? Kwa sababu bahari ni ghala, na mali ya ghala haionekani kwa kutazama mlango. Mita 3 hivi za juu za bahari zinaweza kubeba joto linalolingana na la hewa yote iliyo juu yake; fikiria basi joto lililomo katika mita 100. Uso wa maji hubadilika haraka: upepo wa siku mbili huupoza, anga jeupe la wiki moja huupasha. Maji ya chini hayasahau upesi hivyo. Joto lililozama mita 80 au 150 hudumu kwa miezi, na likiwa tayari kupanda, hupanda hata kama uso ulionyesha jambo tofauti wiki iliyotangulia. Kati ya Ushelisheli na visiwa vya Chagos kuna ukanda ambako mpaka wa joto uko karibu sana na uso, katika kina kisichofika mita 100, na hapo badiliko dogo la kina hugeuza joto la juu mara moja. Mawimbi makubwa ya chini kwa chini, ambayo abiria wa meli hawezi kuyahisi, huvuka bahari polepole kutoka mashariki kuja magharibi kwa muda wa miezi, yakiushusha au kuuinua mpaka huo njiani. Mtu aliyepima na kuyakuta katikati ya safari anajua yatakakofika. Hapo ndipo utabiri wa msimu unapopata muda wake: mgeni amekwisha kuonekana njiani, bado hajabisha hodi.

Upimaji wenyewe ni kazi ya subira na waya. Meli ya utafiti husimamishwa mahali palipochaguliwa, kisha fremu ya chuma yenye umbo la duara huteremshwa kwa winchi. Katikati ya fremu kuna chombo kiitwacho CTD, herufi zinazosimama badala ya vitu vitatu: jinsi maji yanavyopitisha umeme, joto, na kina. Kuizunguka kuna chupa ndefu za plastiki, 12, 24 au hata 36, zikiwa wazi juu na chini ili maji yapite ndani yake bila kukwama. Kina hujulikana kwa shinikizo, kwa kuwa kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na wa hewa yote ya duniani juu ya kichwa chako. Mita 1,000 chini, mgandamizo ni kama mara 100. Chumvi hujulikana kwa umeme, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi huupitisha vizuri zaidi, ingawa hesabu lazima irekebishwe kulingana na joto na shinikizo. Chombo hushuka takriban mita 1 kwa sekunde, kikituma vipimo 24 kila sekunde kupitia waya huo huo unaokibeba. Kwenye skrini ndani ya meli mstari wa joto hujichora, na mtu aliyezoea hutambua mpaka wa joto mara tu mstari unapoinama. Wakati wa kupanda, chupa hufungwa moja moja katika vina vilivyochaguliwa. Kwenda na kurudi hadi mita 4,000 huchukua karibu saa 3, na zikifika juu, maji ya kupimia gesi ndiyo hutolewa kwanza kabla hewa haijayaingia.

Msomaji anaweza kuuliza chumvi inahusu nini katika mambo ya mvua. Chumvi ni lafudhi ya maji. Kama vile mtu wa Kitui anavyotambulika akifungua mdomo Mombasa, ndivyo maji yanavyotambulika yalikotoka hata yakiwa mbali na kwao. Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi, lakini maji ya Ghuba ya Bengali hupungukiwa kwa sababu ya mito mikubwa, na ya Bahari ya Arabu huzidi kwa sababu ya jua na upepo unaoyakausha. Maji mazito ya Bahari ya Shamu hupenya Bab el Mandeb, huzama mamia ya mita, na kusambaa kuelekea kusini mwa pwani yetu yakiwa bado na chumvi yake ya kuzaliwa. Pia chumvi na joto kwa pamoja huamua uzito wa maji, na uzito ndio huamua lipi lizame, lipi lielee, na mkondo uelekee wapi. Upungufu wa chumvi juu ya uso hufanya maji yawe mepesi yasichanganyike na ya chini, na hivyo joto hufungiwa juu. Ndiyo sababu mpimaji habebi kipimajoto pekee.

Kazi hii ina historia katika maji yetu, nayo inastahili kujulikana. Mwaka 1874 kampuni ya Negretti & Zambra ya London ilitengeneza kipimajoto kinachopinduliwa kikiwa chini, ili zebaki yake ikatike na kuhifadhi joto la pale pale hadi kitolewe. Mvumbuzi wa Norway, Fridtjof Nansen, aliongezea chupa inayofungwa ikiwa bado kilindini. Kwa vyombo vya aina hiyo, kati ya mwaka 1959 na 1965, meli zaidi ya 40 za mataifa mbalimbali zilishiriki Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, na mwaka 1971 Wyrtki akachapisha atlasi ya vipimo vyake. Kabla ya hapo, bahari hii ilikuwa miongoni mwa zisizojulikana sana duniani. Meli iliyobeba jina la Nansen, ikifanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichunguza maji ya Kenya kati ya 1980 na 1983. Mwaka 1992 meli ya Uholanzi iitwayo Tyro ilifanya kazi kwenye pwani ya Kenya pamoja na wanasayansi wetu, ikipima katika kusi na tena kuelekea kaskazi. Kisha mwaka 2012 Ubelgiji ikaikabidhi Kenya meli ambayo sasa inaitwa RV Mtafiti, yenye urefu wa takriban mita 56, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iliyoko Mombasa. Hapo tukawa na sitaha yetu wenyewe ya kusimamia tukitaka kujua kilichomo kwenye maji yetu ya kina.

Sasa tuyasikilize mapingamizi, kwa maana yapo na yana uzito. La kwanza husema kwamba siku hizi kuna setilaiti na roboti, kwa nini basi kuteketeza mafuta ya meli? Setilaiti ni jicho kubwa, lakini jicho hilo husoma joto la ngozi tu ya bahari. Huweza pia kupima mwinuko wa uso wa maji, na mwinuko huo hutoa fununu ya kilichoko chini, lakini fununu haipimi. Roboti ni hodari zaidi. Mpango wa Argo, ulioanza kutupa maboya yake baharini mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa una maboya karibu 4,000 duniani kote. Kila moja huelea kwenye kina cha mita 1,000, na kila siku 10 hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima na kutuma taarifa kwa setilaiti. Huo ni msaada mkubwa, na utabiri wa leo unautegemea. Lakini boya halipelekwi karakana. Likitupwa, limetupwa, na vipimo vyake vya chumvi huweza kuanza kupotoka kidogo kidogo bila mtu kujua. Fikiria mizani za maduka ya Kambu na Kibwezi. Zinaaminika kwa sababu afisa wa vipimo na mizani huja na jiwe lake lililothibitishwa na kuzikagua. Meli yenye CTD iliyosahihishwa, na chupa zinazopimwa upya maabara, ndiyo jiwe hilo. Ukiliondoa, mizani zote zitaendelea kutoa tarakimu, lakini hakuna atakayejua ipi inapunja.

Tena kuna mahali ambapo roboti nyingi hazifiki. Karibu nusu ya ujazo wa bahari uko chini ya mita 2,000, na kwa muda mrefu ni meli pekee zilizopima huko. Ni vipimo vya meli, vilivyorudiwa kwenye mistari ile ile kila baada ya muongo mmoja hivi, vilivyoonyesha kwamba hata maji ya vilindi vya mwisho, hasa yale yanayotoka Antaktika, yanapata joto. Na upande wetu wa bahari umeadhibiwa zaidi na jambo ambalo halihusiani na sayansi. Uharamia wa pwani ya Somalia, uliopamba moto kati ya 2008 na 2012, uliwafukuza watafiti pamoja na wafanyabiashara. Mtandao wa maboya yaliyotiwa nanga uitwao RAMA, uliobuniwa kuchunguza pepo za msimu za Afrika, Asia na Australia, ulibaki na mapengo upande wa magharibi, kwa kuwa maboya hayo huhitaji meli ya kuyaweka na kuyahudumia. Mstari mmoja mrefu wa vipimo kaskazini-magharibi mwa bahari, uliopimwa mwaka 1995, haukurudiwa na Wamarekani hadi mwaka 2018, meli ya Ronald H. Brown iliposafiri kutoka Durban hadi Goa. Hiyo ni miaka 23. Katika muda huo mtoto wa Kambu alizaliwa, akasoma, akaoa na kuanza kulima shamba lake, huku maji yanayoamua mavuno yake yakiwa hayajapimwa upya kwenye mstari ule.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo halipaswi kudharauliwa. Siku moja ya meli kubwa ya utafiti hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa kiasi hicho Makueni ingejenga mabwawa ya mchanga, yale yanayokinga maji ya mto wa msimu ndani ya mchanga wenyewe, na kina mama wangepunguziwa mwendo wa kuteka maji. Je, ni haki kuipeleka pesa hiyo baharini? Ningekubaliana na pingamizi hili kama vitu hivyo viwili vingekuwa vinashindana. Lakini bwawa la mchanga, matuta ya shambani na mashimo ya kukinga maji vyote ni maandalizi, na maandalizi huongezeka thamani pale unapojua unajiandalia nini. Kaunti inayojua Agosti kwamba vuli itakuwa haba huweza kuhimiza mbegu za muda mfupi na kuuza mifugo kabla bei haijaanguka. Inayojua kwamba mvua itazidi huweza kusafisha mifereji, kukagua vivuko na kuhamisha watu wa kingo za mito. Hata bwawa la Thwake, linalojengwa pale mto Thwake unapokutana na Athi, litahitaji mtu wa kuliambia wakati gani lijazwe na wakati gani lipunguzwe. Wapo pia wasemao kwamba mataifa yenye uwezo yatatupimia. Yametupimia kweli, na tunayashukuru. Lakini mgeni hupima mahali na wakati unaomfaa yeye, na vita au maharamia wakija huondoka. Maji yaliyo ndani ya maili 200 za pwani yetu hayana mwenyewe mwingine wa kuyapima mwaka hadi mwaka.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mkulima mwenyewe, na ndilo linaloniumiza zaidi kwa kuwa lina ukweli ndani yake: utabiri hukosea. Oktoba 2023, baada ya maonyo ya El Niño kutangazwa, taifa likaambiwa kutoka ngazi za juu kwamba haitakuja, na Novemba mafuriko yakaja. Watu waliosikia sauti mbili hawana kosa wakikosa kuamini hata moja. Tena utabiri wa msimu hausemi mto gani utafurika siku gani. Desemba 2021, katika msimu ambao kwa jumla ulikuwa wa ukame, basi lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hakuna kipimo cha vilindini ambacho kingetaja mto huo na saa hiyo. Vilevile masika bado ni magumu kutabiri kuliko vuli. Yote haya ni kweli, na mwandishi anayeyaficha hamsaidii mkulima. Hata hivyo tutenganishe makosa. Kauli zinazokinzana si kosa la kipimo, ni kosa la upashaji habari. Mto unaofurika ghafla unahitaji onyo la siku na saa, na daraja bora. Lakini kwa swali la msimu mzima wa vuli, ambalo ndilo swali la Kambu, bahari imekuwa shahidi wa kuaminika. Mwishoni mwa Agosti 2022, kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kilionya kwamba vuli itapungukiwa. Ikapungukiwa. Shahidi huyo anaweza kusema vizuri zaidi na mapema zaidi, ila ni lazima aulizwe mara nyingi, na kwa kina.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, siku za baharini za RV Mtafiti zihesabiwe kuwa gharama ya usalama wa chakula, zikae kwenye bajeti pamoja na mbegu na mbolea, ili meli isikae bandarini kwa kukosa mafuta wala wataalamu. Isifanye safari ya mara moja moja. Mistari ile ile ipimwe kila kusi na kila kaskazi, maana kipimo kimoja ni habari tu, vipimo vya miaka 20 ni maarifa. Pili, vipimo hivyo vifike nchi kavu kwa lugha ya watu. Wataalamu wa hali ya hewa wa kaunti wanapokutana na wakulima kabla ya msimu, waeleze bahari iko vipi, kwa Kiswahili na Kikamba, na waseme wazi kiwango cha uhakika. Mkulima aliyezoea kubahatisha na anga anaelewa uwezekano vizuri kuliko tunavyodhani. Akiambiwa kwamba katika misimu 10 ya namna hii 6 hupungukiwa, atajua agawe shamba lake vipi kati ya mtama na mahindi. Tatu, vijana wa Makueni na Kitui waambiwe shuleni kwamba sayansi ya bahari ni yao pia. Hakuna sheria inayosema lazima mpimaji wa vilindi awe amezaliwa pwani.

Mto Kambu, mvua ikinyesha, huteremka kwenda Athi. Athi ukipokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na mwisho wa safari huitwa Sabaki, kisha humwaga udongo mwekundu wa Ukambani baharini, kaskazini ya Malindi. Basi kila mwaka Kambu hupeleka barua baharini, na kila vuli bahari huijibu kwa mvua au kwa jua. Tumekuwa tukisoma jibu likiwa limekwisha kuangukia mashamba yetu. Vyombo vya kulisoma mapema vipo, meli ipo, na wataalamu tunao. Ewe msomaji wa nchi kavu, Septemba ijayo ukisikia utabiri wa vuli, uliza maji ya chini yamepimwa lini na nani, na umwombe mwakilishi wako jibu.